Sindano Mguuni mwa Bingwa

Alikuwepo Sista wa kikundi cha wagonjwa wa sukari, na beseni lake na glavu zake, alikuwepo Mhasibu mstaafu, aliyekwisha kuvua viatu na kukunja soksi moja ndani ya nyingine, alikuwepo Mama Duka na dada yake, wanaokaa bega kwa bega na kunong'onezana, alikuwepo Dereva, aliyesinzia, na alikuwepo yeye, Fundi Cherehani, kamba za viatu zimekazwa, na pembeni yake kiti cha Mpishi, kitupu, maana Mpishi huchelewa, huchelewa siku zote... lakini leo ya leo, baada ya kupatana vile! "Mguu utunze kama uso," Sista alikuwa akimwambia Mhasibu, polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba Wahindi wote ni viziwi, "sukari ni mtindo wa maisha, wazee wangu, mtindo wa maisha"... mtindo, kama vile aliuchagua dukani, kitambaa hiki sitaki, nipe kile, wakati yeye Fundi alipoingia nchi hii kijana, na jina lenye sehemu tatu, karani wa kiwanda alilikata ikabaki moja, akampa kiti na mashine ya kushona kola, kola tu, kutwa kola, chakula anakula huku anashona, na aliyeinuka kunyoosha mgongo alifokewa na msimamizi, hakuna aliyekuja siku zile kumwambia mzee tembea... sasa wanamwambia tembea. Naye alitembea, alizunguka uwanja kila asubuhi, akapunguza wali, akaacha sukari, mkewe akaonja kikombe chake na kukunja uso, "hii si chai, baba, haya ni maji ya kuoshea brashi", na kikundi kikampigia makofi, hapa hapa, "Babu ndiye bingwa wetu wa kutembea!" Babu, babu wa nani, yeye na Sista wana udugu gani... na siku ile ya makofi sindano ilikuwa mguuni tayari. Si pini, mkewe husema pini, ilikuwa sindano ya mashine, ncha yake, iliyokatikia kwenye jinzi ikaanguka sakafuni, naye hukanyaga pedali peku, ikamwingia asisikie kitu, nyayo zilikwisha kufa ganzi kwa sukari, akavaa raba zake akatembea nayo, akapigiwa makofi nayo, mpaka nyumbani mkewe aliposikia mlio kwenye vigae, ti, ti, ti, akasema, "Baba, umevaa viatu gani hivyo?" na hakuwa amevaa viatu. "Nyayo safi kabisa," Sista alisema, Mhasibu akachekelea kama aliyefaulu mtihani, mpumbavu, hajatembea hata kwenda sokoni, hutuma gari, na nyayo zake safi... ncha yeye na mkewe waliitoa kwa koleo, kidonda kikabaki, chini ya kidole gumba, mguu wa kulia, wa pedali, na kidonda cha mtu mwenye sukari anajua kinakoishia, watakata kidole, kisha watasema bado, wapande juu kidogo, na fundi asiye na mguu wa kulia atafanya nini, atie watu vifungo kwa mkono, amekaa, mpaka afe amekaa? Hapa kikundini hakumwambia mtu. Mpishi ndiye aliyeona, Jumatano iliyopita, kwenye korido, "Fundi, mbona unatembea kama bata?" Viatu vipya, alijibu. "Vipya vya mwaka juzi! Onyesha mguu, bwana wee." Wewe acha kuonja kwanza, alimjibu, maana Mpishi, na moyo wake ule mbovu, huonja kila sufuria ya mgahawa tangu asubuhi, "sasa chumvi nitaijuaje, niiulize sufuria?" lakini akachomoa kijiko mfukoni mwa shati akamtia mkononi, hacheki tena, "Kaa nacho. Nisipoonja wiki nzima, Jumatano unavua kiatu. Tumepatana?" Tumepatana, alisema, ili aachwe... na kijiko kimo mfukoni hapa, kinamchoma mbavu, na wiki nzima ameomba Mungu, mzee mzima, kwamba rafiki yake ashindwe, jikoni hakukosi kijiko kingine... "hata mchuzi?" dada yake Mama Duka alikuwa akinong'ona. "Hata mchuzi. Mke wa Mpishi anasema wiki nzima hakutia kitu kinywani pale jikoni, alikuwa anamwonjesha yeye"... basi ameweza, kichaa yule, ameweza kweli, ataingia sasa hivi na meno yote nje, haya Fundi, kijiko changu, na mguu uko wapi... na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuinama huko chini, vimeshika kamba, fundo gumu, alilikaza mwenyewe, likalegea. Sista bado alikuwa ameushika mguu wa Mhasibu. "Tumngoje Mpishi?" aliuliza.

"Usimngoje, Sista," alisema Mama Duka. "Mpishi amefariki jana asubuhi."