Mwezi Nilioapia

Haya yote ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata ya ncha ya ukucha, ulimi wangu na uote kutu kama roli lililosahauliwa foleni.

Mwanga wa jioni ile ulikuja Tunduma kwa kuvizia. Ulipenya mawingu ya masika, ukalamba maturubai ya maroli yanayongoja kuvukia Zambia, ukaingia dirishani kwetu, ukaniashiria begi la mke wangu. Nami nikashuku.

Ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa. Sabra alikuwa na tiketi ya basi la alfajiri, na mpango wake ulikuwa mwepesi: mwezi usipoandama leo, kesho anaondoka, awahi Idi kwa mama yake Kondoa. Ukiandama, Idi tunakula wote hapa, safari baadaye. Siku tatu tu, aliniambia.

Ee Sabra, siku tatu na sweta nne? Siku tatu na mto wako wa kulalia? Nani huhamisha mto kwa ajili ya pilau? Niliuona umejibanza chini ya kanga kama magendo, nami magendo nayajua yanavyopumua. Nikashuku begi. Nikashuku zipu. Nikashuku hata ukimya wako ulipokoroga uji wa futari. Miaka thelathini na sita tumeishi. Mwanamke anayebeba mto harudi.

Basi nikatoka barazani. Mbingu zimefungwa kwa mawingu, hata nyota haipenyi. Nikapaza sauti: "Mwezi! Wallahi nimeuona!"

Sabra akatoka na mwiko. Jirani yetu Bushra akatoka na tende mdomoni. Nikawapambia: mwembamba kama ukucha wa kichanga, pembe juu, unatetemeka kwa moshi wa maroli, nikausikia ukikohoa.

"Ukikohoa," akasema Bushra. "Upande gani, mzee wangu?"

Nikanyoosha mkono kwa madaha. "Kule! Juu ya barabara ya Vwawa."

Bushra akatazama Zambia, kule jua lilikozama. Akautazama mkono wangu, umeelekea mashariki. "Mwezi mwandamo tangu lini ukaonekana Vwawa? Umekwenda kuchuma kahawa?"

Sabra hakucheka. "Baba Yassir, umemwapia Mungu ili nisimwone mama?"

Nikautaja mto.

Akakaa kizingitini. "Mama amevunjika nyonga. Nitakaa mpaka asimame, hata iwe miezi. Sikukwambia, maana wewe ukiambiwa nyonga, kesho mji mzima unasikia mama kapigana na chui."

Nilitaka kubisha. Lakini yule chui nilikuwa nimeshaanza kumpa mkia.

Alfajiri nikambebea begi hadi stendi. Kiapo cha uongo kina kafara yake: kulisha maskini kumi. Sabra akainama dirishani mwa basi. "Uwapikie mwenyewe. Bushra atahesabu. Na mama akisimama, uje utuchukue wote wawili."

Siku ya Idi nikapika, macho yakinitoka machozi, nikasingizia kuni. Wakaketi kumi, wapakia mizigo wa mpakani, Bushra akiwahesabu kwa ncha ya upawa. Mmoja wao, wali umemjaa mdomoni, akaniuliza:

"Mzee, na jana je, mwezi uliuona?"

Nikamwongezea mchuzi.