Shanga za Bluu na Nyeupe

Jumapili, tarehe 9 Februari 2014. Asubuhi hiyo ukungu uliufunika mji wa Lipa hata msalaba wa kanisa haukuonekana. Merlinda alirudi kutoka misa na kitambaa chake cha kichwa kimelowa.

Mezani walimngoja watatu: mama mkwe wake, Nanay Pacing, mumewe Nestor, na Tiyo Berto, mjomba wa Nestor, aliyeitwa awe shahidi.

"Mimba tatu zimetoka," alianza Nanay Pacing, lomi, supu ya tambi nene, ikipoa bakulini. "Uliolewa mwaka uleule alioolewa dada yako, ukajiletea sukob. Mkosi huo hauoshwi. Rudi kwenu Taal."

"Siendi."

"Ati nini?"

"Siendi, Nanay. Tumepimwa damu, na majibu tunayo."

Alivua rozari yake ya bluu shingoni, akaitungua nyeupe iliyoning'inia ukutani, akachukua mkasi wa jikoni na kuzikata zote mbili.

"Yesu wangu!" Nanay Pacing alipiga ishara ya msalaba. "Rozari zimebarikiwa hizo!"

"Nitaungama. Sasa tazama." Alibadilisha vipande, akafunga mafundo: bluu yenye mkia mweupe, nyeupe yenye mkia wa bluu. "Urithi wetu umo kwenye nyuzi zinazoitwa kromosomu, nazo huenda mbilimbili. Zangu mbili zimebadilishana vipande hivi. Wenzao, bluu moja na nyeupe moja, ni nzima. Hakuna punje iliyopotea, ndiyo maana sina ugonjwa. Lakini mtoto huchukua moja tu ya kila rangi. Akichukua hii ya bluu na nyeupe nzima, nyeupe inazidi, bluu inapungua. Hawezi kukua. Akichukua zilizobadilishana zote mbili, au nzima zote mbili, anaishi."

Tiyo Berto alicheka. "Pacing, mbona hiyo sukob yako siioni humo?"

"Nyamaza, Berto! Kumbe kosa ni lake kweli!"

"Ni langu kama pua yangu ilivyo yangu," alisema Merlinda. "Nilizaliwa hivi. Aliyenifunga mafundo haya hakuwa amesinzia."

Nestor alihamishia kiti chake upande wa mkewe. "Akienda, Nanay, nami naenda."

Nanay Pacing aliangalia bakuli lake.

Merlinda akasimama, rozari mkononi.

"Mbele ya Mungu, mbele yako Nanay, na Tiyo akisikia: naahidi, sitoki nyumba hii. Tutajaribu tena. Na kila usiku nitasali kwa rozari hizi hizi, na mafundo yake."