Marehemu Kasema ni Mung'unye

Mbegu zilichipua Jumanne asubuhi, ndani ya vikopo vya mtindi vilivyopangwa ukingoni mwa dirisha la jikoni, na mjane wa fundi redio akaanza kuigeuza miche upande wa jua kabla hata hajawasha jiko. Kila mche ulikuwa na vijani viwili vinene, laini, na yote ilifanana kama watoto wa shule waliovaa sare. Katika umri huo boga na mung'unye havitofautiani hata kidogo. Mtu akikuambia anaweza kuvitofautisha kwa kuvitazama tu, mwache aseme, lakini usimpe jembe.

Nyumba nyingine huweka kila mbegu mahali pake. Nyumba hii ilizichanganya zote katika kopo moja la kahawa, kwa sababu fundi, enzi za uhai wake, aliamua kwamba mbegu zikikaa pamoja huzoeana na kuota kwa amani. Alipofariki, mjane alitaka kuzitenganisha. Mdogo wake marehemu, ambaye ni kinyozi, akamshika mkono. "Shemeji, hizo alizichanganya kwa mikono yake mwenyewe," alisema, na machozi yakamlengalenga. Kopo likarudi rafuni.

Fundi alikufa kwa maradhi ya moyo, na haukupita muda mrefu baada ya mazishi akaanza kurudi saa nne, ile saa aliyozoea kutoka kibandani kwake kuja kunywa chai. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akajipangusa viatu, akaketi kwenye kiti chake. Chai hakuinywa, ila alitaka iwepo mbele yake, na ikipoa alilalamika. Majirani walimsalimu akipita. Mjane alifurahi kumwona siku za mwanzo, kisha akazoea, kisha ikawa kama zamani.

Nyuma ya nyumba palikuwa na vipande viwili vya kulima. Kimoja kilikuwa chembamba, kando ya ukuta wa jirani, nacho kilipata jua tangu alfajiri. Cha pili kilikuwa kule mwisho, karibu na shimo la taka. Sasa, mung'unye wao ulikuwa wa aina ile fupi isiyotambaa, mmea wenye adabu, hukaa pale ulipopandwa. Boga hutambaa. Mwaka uliotangulia boga moja lilipanda ukuta, likashukia kwa jirani, ambaye ni mshona makochi, likazaa ndani ya kochi lililokuwa wazi uani. Mshonaji alikuwa na haraka, akalishonea humohumo. Mwenye kochi alilirudisha baadaye akisema linanenepa upande mmoja.

Jirani hakufoka. Alikuja mlangoni, akavua kofia. "Mama, nikiona tena jani la boga upande wangu, naongeza matofali juu ya ukuta. Sitaki ugomvi. Naongeza tu."

Ukuta ukiongezwa, jua lisingefika kwenye kile kipande mpaka mchana, na mjane alijua hivyo. Kile kipande chembamba alikipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. Sebuleni alikuwa mama wa fulani na mke wa fulani, jikoni alikuwa anaitwaitwa, lakini pale ukutani, akiwa amechuchumaa na mikono imejaa udongo, hakuna aliyemuuliza kitu. Kwa hiyo safari hii ilikuwa lazima ukutani pakae mung'unye tu, na maboga yaende shimoni yakatambae yatakavyo.

Alisubiri jani la tatu, maana hilo ndilo lisemalo kweli. Lilipofunguka, baadhi ya miche ilitoa jani lenye meno pembeni na mabaka meupe, mithili ya kitu kilichorushiwa chokaa, juu ya shina fupi nene. Hizo ndizo mung'unye. Mingine ilitoa jani la duara, laini, na shina lililoanza kurefuka na kupapasa hewani likitafuta cha kushika. Hayo ndiyo maboga. Akaweka mung'unye kushoto na maboga kulia, akanawa mikono, moyo umetulia.

Ilikuwa Jumamosi, na shemeji yake kinyozi alikuwapo, pamoja na kifungua mimba wa mjane ambaye hufundisha watu kuendesha magari. Saa nne marehemu akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii chai imepoa." Akatazama dirishani, akaona miche imegawanywa bila yeye kuulizwa. Akanyoosha kidole. "Hiyo ya kulia ni mung'unye. Ipelekeni ukutani."

"Ya kulia ni maboga," mjane alisema. "Tazama jani lake."

Marehemu aliinama akalitazama. Alilitazama kwa muda wa kutosha. Kisha akasema, "Mung'unye," kwa sauti ileile aliyotumia zamani kuwaambia wateja kwamba redio yao haitengenezeki.

"Umesikia, shemeji?" kinyozi alisema. "Huyu mwenzetu analala chini ya udongo. Mizizi anaiona! Wewe unaona majani tu."

Hoja hiyo ilimwingia sana kifungua mimba. "Mama, tumheshimu marehemu."

"Nimemheshimu tangu hujazaliwa," mjane alisema. "Haya ni maboga."

Lakini walikwisha kubeba vikopo. Walipanda wenyewe, kwa bidii na kwa vicheko, maboga ukutani na mung'unye shimoni, na marehemu akasimama mlangoni akielekeza nafasi baina ya mche na mche. Kabla ya adhuhuri alikwisha kurudi zake.

Kila asubuhi mjane alitoka kuyarudisha maboga chini. Aliyakunja, akayageuza, akayaegemezea mawe, na kila asubuhi aliyakuta yamepanda tena, maana boga halina masikio. Akaomba ruhusa ya kuyang'oa. Kifungua mimba akamwambia kung'oa mung'unye za baba ni mkosi. Zikanyesha mvua mbili mfululizo, na kulipopambazuka kulikuwa na ua la manjano juu ya kochi la jirani.

Jirani hakugombana. Alipanda ngazi na matofali yake, akamsalimu mjane kutokea juu, akauliza hali ya watoto, akaongeza ukuta. Kivuli kikalala juu ya kile kipande kama blanketi. Maua yakapukutika bila kufunga tunda. Mjane aliketi pale kivulini akalia, kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Kule shimoni, mung'unye zilistawi vizuri sana, zimesimama wima, zinang'aa. Familia ilizila muda mrefu, na ilizila kwa jina la maboga, kwa kuwa marehemu alikwisha sema. "Boga tamu hili," kinyozi alisema akijiongezea. "Ila jembamba kidogo."

Siku moja saa nne walibaki wawili tu. Mjane aliweka kikombe mezani, asiondoke.

"Baba watoto, ulikuwa unajua?"

Marehemu alitazama mvuke wa chai. "Niliona nilipoinama. Zile alama nyeupe hazifichiki."

"Na huko nyuma, ulipokuwa hai?"

"Huko nilikuwa nakisia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikwisha kunyoosha kidole, mama watoto. Mbele ya watu. Ningekirudishaje?"

Hasira zilimpanda mjane. Alitamani kumpiga, lakini aliwahi kujaribu mwaka wa kwanza na mkono ukagonga kiti. "Sikiliza," alisema. "Jirani ana matofali mengine uani, nimeyaona kwa macho yangu. Akiyapandisha hayo, jua ndiyo basi tena. Msimu ujao, wakija, wewe waambie neno moja: muulizeni mama yenu."

Marehemu alifikiri sana, mpaka chai ikapoa na yeye asilalamike.

"Nikisema hivyo," alijibu hatimaye, "watadhani si mimi."

Mjane aliligeuza hilo kichwani wiki nzima, akaona, kwa uchungu, kwamba ni kweli.

Basi msimu uliofuata marehemu alifika saa tatu, kabla ya watu. Alisimama dirishani na kutega sikio, na mjane akamnong'oneza mche mmoja baada ya mwingine, huu boga, huu mung'unye, huu ni boga ingawa una baka, tazama shina. Alimrudisha nyuma mara kadhaa kwa sababu alikuwa mzito wa kushika. Saa nne, kinyozi na kifungua mimba wakiwa wamesimama kwa adabu, alinyoosha kidole akatangaza yote kwa sauti ya redio haitengenezeki, na hakukosea hata mche mmoja.

Mung'unye zikaenda ukutani. Hakuna kilichotambaa. Jua lilichelewa, lakini lilifika, na mung'unye zikazaa. Jirani aliyatumia yale matofali kuegemezea kochi lililovunjika mguu. Sifa zikaenea mpaka kwenye kibanda cha kinyozi, na wateja, wengine kidevu bado kina povu, wakawa wanakuja na vikopo vyao saa nne kumwonyesha marehemu. Mmoja alimuuliza anatambuaje.

"Uzoefu," marehemu alisema.

Siku ya kuchuma walisimama wote ukutani. Mjane alikata mung'unye ya kwanza, akaishika kwa mikono miwili, na furaha yake ilikuwa ya kweli, hilo lisifichwe.

"Unaona, mama?" kifungua mimba alisema, akimkumbatia bega. "Ule mwaka mwingine ulibisha."

"Nilibisha."

"Usihuzunike, shemeji," kinyozi alisema, kwa upendo usio na kasoro yoyote. "Siku yako nawe ikifika, ukirudi, tutakusikiliza."

Kifungua mimba akaitikia. Marehemu naye akaitikia.