Kisu cha Upande wa Kulia

Bi Hafsa wa Songo Mnara alizaa watoto wawili wa kiume, na yule mdogo, Twalib, Mungu alimuumba mashoto. Tangu anaanza kushika tonge, mkono uliokwenda sahanini ulikuwa wa kushoto. Mama akaona haya. Akasema samaki mkunje angali mbichi, na kila wakati wa kula akaufunga ule mkono kwa kipande cha kanga. Mtoto akala na machozi yake mpaka akazoea. Alipokuja kuoa, hata wakwe hawakujua. Lakini baharini, pasipo mtu wa kumtazama, mkono ulirudi kwenye asili yake.

Kisu chake cha kazi alikishonea ala kwa kipande cha dumu, ikabana sawasawa. Mtumbwi uyumbe utakavyoyumba, kisu hakidondoki. Ukikivuta mara moja kwa nguvu, kimetoka. Alikivaa kiunoni, kushoto.

Ijumaa moja kaka yake Hasani, anayekwenda naye siku zote, aliamka na homa. Bi Hafsa akajifunga kibwebwe, akaenda yeye kumsaidia Twalib kutoa wavu. Wanasukuma mtumbwi majini, akakiona kisu.

"We Twalib! Kisu gani hicho upande wa chooni?"

"Nakiweka mkono unapofika, mama."

"Kwani wa kulia umekatika?"

"Wa kulia unapiga kafi. Kikikaa huko mpini unanigonga kiwiko."

"Na watu wakikuona? Kidume kizima kinachomoa kisu kwa mkono wa kutawazia! Nani atanunua samaki wako?"

Twalib akacheka. "Wakiuliza, waambie nilikata kwa mguu."

"Kihamishe, baba. Kwa radhi yangu."

Hapo kicheko kikamwisha, maana radhi ya mama si neno la kuchezea. Akakizungusha kisu mpaka nyuma ya nyonga ya kulia, kafi isikiguse, akakipigapiga kuhakikisha kimekaa. "Haya, umeridhika?"

Bi Hafsa akaridhika.

Mkondoni hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi, yanatoka kwenye mikoko kama yanafukuzwa. Twalib akaishika kamba ya jiwe la wavu, akavuta, jiwe limenasa chini. Akajizungushia kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono wa kulia, apate nguvu. Kila mvuvi hufanya hivyo, na kila mvuvi huambiwa asifanye. Mkondo ukauchukua mtumbwi, kamba ikakaza, Twalib akang'oka kama jino.

Alipoibuka mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kuelekea chini kwenye jiwe, maji yanamsukuma huku na kamba inamzamisha kule.

"Kata!" Bi Hafsa alipiga kelele. "Kata, Twalib!"

Akauona mkono wa kushoto ukipita tumboni, ukitafuta nyonga ya kulia. Vidole vikafika kwenye mkanda, vikakwaruza, haviupati mpini. Akazama. Akaibuka, akajipinda, mkono ukajaribu kupitia mgongoni. Akazama tena. Bi Hafsa anapiga kafi kurudi, kila akisogea hatua mbili mkondo unamrudisha moja. Mara ya tatu Twalib aliibuka uso tu, akamtazama mama yake.

Alipomfikia, alimshika nywele kwa mkono mmoja, wa pili akaupeleka nyonga ya kulia. Kisu kilikuwa palepale kilipowekwa. Akakivuta mara moja, kikatoka. Akakata kamba. Mwanawe akaelea mbele yake, mzito, mdomo wazi, na pumzi hamna tena.

Walimzika alasiri ya siku ileile. Kabla jeneza halijatoka, Hasani, aliyemwosha ndugu yake na homa yake mwilini, aliingia chumbani walimokaa wanawake, akachutama mbele ya mama yake.

"Mama, tumboni ana mikwaruzo. Ya kucha zake mwenyewe. Kisu alikuwa nacho, kwa nini hakukata?"

Shangazi mmoja akawahi kujibu: "Mwanangu, hiyo ni kudra ya Mungu. Siku zake zilikuwa zimefika."

"Mwache aulize," Bi Hafsa akasema. "Kisu nilikihamisha mimi, Hasani. Alikivaa kushoto, mkono wake unapofika. Mimi nikamtajia radhi, akakipeleka kulia."

"Kwa nini, mama?"

"Watu wasimcheke."

Hasani akamtazama, macho mekundu kwa homa na kwa kilio.

"Watu gani?"

Bi Hafsa akafungua mdomo ili amtajie hata mmoja. Nje wanaume walikuwa wameshanyanyua jeneza, wanaleta tahalili, na yeye bado analitafuta jina.