Mtu wa Kumrudisha Nyumbani

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu, basi la shule lilifunga mlango, na Nell Ackroyd, mwenye miaka minane, akaenda kukaa upande wa pili, ule usiotazama nyumbani kwao. Mama yake, Bryony, alipunga mkono hata hivyo. Alirudi ndani, akatia kipande cha mkate kwenye kibaniko, kisha akakitoa. Tangu Agosti mkate ulikuwa unamkwama kooni, na sasa alikuwa akila uji tu. Simu iliita akiwa bado amekishika kile kipande.

Aliyepiga alikuwa karani wa mapokezi wa kliniki. Alitaka jina la mtu atakayemsindikiza siku ya Alhamisi. Bryony alimtaja mumewe, Duncan, kisha akajisahihisha: Duncan alikuwa ameondoka Jumamosi kwenda Monterrey, ambako mitambo ya kiwanda chao ilikuwa imesimama, na asingerudi wiki hiyo. Karani alimweleza utaratibu bila haraka. Mgonjwa atapewa dawa ya usingizi, kamera itashushwa kooni. Akiamka hataruhusiwa kuendesha gari wala kuondoka na teksi. Lazima awepo mtu mzima anayemfahamu, akae kliniki muda wote, asikilize maelezo ya daktari, maana mgonjwa huwa hayakumbuki, kisha amrudishe nyumbani. Jina liwe limefika kabla ya saa sita mchana, Jumatano. Lisipofika, nafasi itapewa mwingine, na nafasi inayofuata ni ya Februari.

"Hata jirani anatosha," karani alisema. "Mtu yeyote tu."

Baba yake Bryony naye alianza kwa kushindwa kumeza mkate. Huko kwao Halifax, Yorkshire, alikaa miezi saba akinywa supu na kusema ni uzee, na walipokuja kumtazama ndani hapakuwa na la kufanya tena. Bryony hakuweza kungoja Februari.

Walikuwa wamehamia Carmel, Indiana, mwaka mmoja na miezi kadhaa uliopita. Alijua majina ya watu wengi: akina mama wa darasa la Nell, mwalimu wa kuogelea, mwanamume wa mtaani aliyetembeza mbwa watatu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi jikoni kwake. Wale ambao wangefika mlangoni gari likiunguruma, bila kuombwa, walikuwa Halifax wote: dada yake Heather, shangazi yake, na mwanamke aliyemkata nywele tangu akiwa msichana.

Alibaki Marcy Hostetler, jirani wa mkono wa kulia, mjane wa miaka sitini na kitu aliyeshona mablanketi ya viraka. Siku walipohamia, Marcy aliwaletea pai ya tufaha na kuwaambia wakihitaji chochote, saa yoyote, wagonge. Bryony aligonga mara moja, kurudisha sahani. Halifax pia watu husema hivyo, na anayelichukua neno hilo kama lilivyo husemwa mtaani kwa miaka.

Jioni hiyo alimkuta Marcy akikusanya majani makavu mbele ya nyumba yake. Walizungumza juu ya majani. Kisha Bryony akasema nadhani Alhamisi utakuwa na shughuli nyingi.

"Alhamisi? Mimi na sindano zangu tu," Marcy alisema. "Kwa nini, kuna jambo?"

"Hapana, si jambo. Nina miadi ndogo mjini, na Duncan hayupo."

"Basi itumie siku yako, kipenzi. Ukimaliza, tafuta mahali pazuri ujinunulie chakula cha mchana."

Bryony alimshukuru akaingia ndani. Kwa hesabu yake, alikuwa ameomba na amekataliwa kwa upole. Kwa hesabu ya Marcy, walikuwa wamezungumza juu ya Alhamisi.

Jumanne aliandika ujumbe kwenye kundi la akina mama wa darasa. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na neno hospitali, aliufuta. Uliotumwa uliuliza kama kuna anayejua usafiri wa kuaminika kwa siku ya Alhamisi. Majibu yalikuja kwa wingi kabla hajaiweka simu mezani, yote yakiwa majina ya kampuni za teksi. Mmoja aliongeza picha ya ndege na kuandika: "Unasafiri? Utuletee zawadi."

Usiku Duncan alipiga kutoka Monterrey. Alipoambiwa hali ilivyo, alisema amwombe Marcy.

"Nimeshamwomba."

"Akasemaje?"

"Alisema nijinunulie chakula cha mchana."

"Bryony, ulimwomba, au ulimpa habari?"

Duncan alisema anaweza kuacha kazi na kupanda ndege ya kesho. Bryony alimkataza, walikuwa wamehama nchi kwa ajili ya kazi hiyo, na viza ya familia nzima ilikuwa juu yake. Wakaagana.

Jumatano, saa sita kasoro dakika ishirini, aliishika simu ili aipigie kliniki na kuwaambia wampe mwingine nafasi yake. Alitazama namba kwa muda. Kisha akaiacha simu mezani, akatoka bila koti, akavuka majani na kugonga kwa Marcy.

Marcy alifungua akiwa na pini tatu mdomoni. Meza yake ya chakula ilifunikwa na vitambaa. Bryony alianza kusema samahani, sijui kama, hata sitaki kukupotezea muda. Alijisikia akiyasema. Akanyamaza, akaanza upya.

"Naomba unipeleke kliniki kesho, ukae mpaka niamke, unirudishe nyumbani. Sina mtu mwingine."

Marcy alizitoa pini mdomoni moja moja. "Saa ngapi?"

"Tatu."

"Haya." Kisha akamkazia macho. "Ngoja kwanza. Juzi kwenye majani, ndiyo hili ulilokuwa unataka kusema?"

"Ndiyo. Nilikuomba."

"Uliniomba? Kipenzi, uliniambia una miadi. Mimi Ijumaa iliyopita nilikuwa na miadi ya meno, umewahi kusikia nakuomba uje unishikie taya?"

Bryony alisema hapana, na alipofika nyumbani zilikuwa zimebaki dakika chache kufika saa sita. Karani aliliandika jina na kumwomba alitamke herufi kwa herufi.

Alhamisi Marcy alikuja na mfuko wa viraka, akachagua kiti karibu na dirisha la chumba cha kungojea, akaanza kushona kabla Bryony hajavua kofia. Muuguzi aliwajia na maswali yake. Alimtaka Marcy athibitishe jina kamili la mgonjwa. Marcy alisema Bryony, kisha akamgeukia Bryony na kumuuliza jina la ukoo wao. Akaulizwa pia kama kuna dawa zinazomdhuru mgonjwa, na hilo nalo akaligeuzia huko huko.

"Tunafahamiana kwa majani tu," alimwambia muuguzi.

Kuanzia hapo kulikuwa na mambo mawili tu ambayo Bryony aliweza kuyathibitisha. La kwanza ni ubaridi wa dawa ilipokuwa ikipanda mkononi. La pili ni dari ya chumba chake mwenyewe cha kulala. Saa ilikuwa nane na nusu mchana. Alikuwa amefunikwa blanketi la viraka ambalo hakulijua, na viatu vyake vilikuwa vimepangwa sambamba chini ya dirisha, jambo ambalo yeye halifanyi. Koo lilimuuma. Karatasi ya kliniki iliyowekwa kando ya kitanda ilisema asile kitu kigumu hadi kesho, na asiendeshe gari. Haikusema zaidi. Aliikumbuka sura ya daktari ikimwinamia, mdomo ukisema. Maneno hayakuwepo.

Namba ya Marcy ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene juu ya karatasi hiyo. Aliibonyeza nusu, akaacha.

Duncan alipiga. "Wamesemaje?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Waliniambia. Halikubaki neno. Marcy alikuwepo."

"Basi muulize Marcy."

"Nimemsumbua tangu asubuhi, Duncan. Siwezi tena."

Duncan aliomba apewe namba hiyo. Akaisoma tena kuhakikisha, akakata.

Bryony alishuka ngazi akishika ukuta, akaenda kusimama jikoni. Kati ya nyumba hizo mbili hapakuwa na ua, na madirisha ya jikoni yalitazamana. Alimwona Marcy akipokea simu, akizima jiko, akivuta kiti na kuketi. Aliongea kwa muda mrefu, mkono mmoja ukienda huku na huku. Mara aligusa koo lake mwenyewe. Mara alionyesha kwa vidole viwili upenyo mdogo sana, kisha akavitanua. Alicheka mara moja. Halafu akaacha kucheka, akawa anasikiliza na kutikisa kichwa taratibu, akatazama chini mezani. Vioo vilikuwa vizito, hakuna sauti iliyopita. Marcy aliweka simu, akakaa kidogo, akainuka kuwasha jiko.

Simu ya Bryony iliita.

Duncan aliyasema kwa mpangilio, kama mtu aliyeandika. Hawakuona uvimbe. Umio, njia ya chakula, ulikuwa umebanwa sehemu moja kwa sababu ya asidi ya tumbo, wameutanua. Wamechukua vipande vidogo vya kupima, majibu Jumanne, lakini daktari hatarajii kitu kibaya.

Bryony alisema sawa.

"Marcy anasema haya yote alikwambia kwenye gari," Duncan alisema. "Alikwambia mara nne. Kila mara ulimuuliza upya kama ni ile ya baba. Akikujibu, unalia, unamshika mkono, unamwambia usiende. Mwishowe aliweka gari kando ya barabara, mkakaa hapo mpaka uliponyamaza."

Bryony aliuliza walisimama wapi.

Duncan alisema hilo hakuuliza.