Bwana Harusi wa Kwenye Droo

Tasnim alikuwa jikoni akigeuza kachori, madirisha ya fleti yao ya Alexandria, nje kidogo ya Washington, yakiwa wazi kwa joto la Julai 2004, Mangi Kirumo alipobisha hodi. Alimkaribisha, akamtandikia taulo kwenye sofa, kwa sababu kila Mangi alipokaa palianguka theluji. Ami yake, Othman, alizima feni. Mgeni huyo alikuwa na faida zake.

Enzi za uhai wake Mangi alitawala milimani, Uchagani. Wajerumani walimnyonga miaka mia na kitu iliyopita, kichwa chake kikauzwa huku na kule mpaka kikaishia Washington, ndani ya droo ya jumba moja la makumbusho. Kila jua likizama alitoka akiwa na mwili wake wote, akapanda treni mpaka stesheni ya Van Dorn, kikaratasi cha makumbusho chenye namba kikining'inia shingoni. Ndani ya treni ndimo walimokutana. Alimpisha Tasnim kiti, na kiti kilikuwa kimelowa.

Waposaji Tasnim hakuwakosa. Marehemu baba yake alimwachia mashamba ya karafuu Pemba na nyumba ya ghorofa Unguja, na kila aliyekuja kuposa aliulizia karafuu kabla hajamaliza chai. Mangi aliuliza kitu kimoja tu: kama anaweza kupanda mlima. Alitaka akazikwe kwao, na alitaka wapande pamoja. Tasnim akafa akaoza.

Shida ilikuwa droo. Makumbusho walishamwambia Tasnim kwamba hawamtoi mtu ila kwa jamaa yake wa karibu. Mke ni jamaa, akawaza. Lakini haolewi bila walii wa kumwozesha, na walii wake alikuwa Ami Othman, ambaye alilitafakari jambo hilo kutwa nzima kazini, kwenye maegesho ya hoteli.

"Kufa si neno," alisema aliporudi. "Lakini mwanangu, huyu ni mtu wa bara. Angekuwa hata wa Tanga."

Mangi hakubishana. Kesho yake alileta isale, mmea wa majani marefu wa kwao Uchagani, amelinunua na chungu chake kwenye duka la maua, maana Marekani huuzwa kama pambo. Aliliweka mbele ya Ami kwa mikono miwili. Ami alishukuru, akalimwagilia, akalisogeza dirishani kando ya televisheni. Kila asubuhi alilifuta majani.

Jirani yao Elieth, Mchaga wa ubalozini, alikuja kurudisha sahani, akaliona, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Mzee, hilo ni ombi. Kwetu ukishapokea isale huwezi tena kukataa. Wewe umesha-accept, na bado unalimwagilia."

Ami alikishika chungu, akakiacha palepale dirishani. Si mtu wa kurudisha alichopokea. Akasema basi bwana harusi asilimu kwanza, na Mangi akasilimu jioni ileile, theluji ikiangukia msala. Ijumaa, baada ya magharibi, ndoa ikafungwa. Wageni walikula biriani wamevaa masweta.

Jumatatu Tasnim alipeleka cheti cha ndoa makumbusho. Ofisa alimpongeza kwa moyo mweupe na kumvutia kiti. Kisha akamweleza kwa upole kwamba mumewe ni mali ya jumba, na mali haina mke. Ataruhusiwa kumtembelea kwa miadi, akivaa glavu.

Basi humtembelea. Huvuta droo, humpangusa vumbi, humwambia atapika nini. Jioni mumewe hufika nyumbani kama kawaida, na yeye na Ami hugombania nani amwamkie mwenzake: mmoja ni mkubwa kwa karne nzima, mwingine ni mkwe. Viatu vya kupandia mlima viko mlangoni, jozi mbili, havijavaliwa. Tasnim huvitazama na roho humwuma.

Halafu huchukua mkasi, hukata uzi wa kikaratasi shingoni mwa mumewe na kukitupa kwenye pipa, na Mangi huinamisha kichwa ili amrahisishie. Kesho yake hubisha hodi nacho shingoni, kimefungwa upya, fundo lilelile. Tasnim humtandikia taulo, kisha huenda kutafuta mkasi.