Darubini ya Watu wa Shingo Upande

Mimi nimeolewa kwa watu wa kuwinda, na kabla hujanionea wivu wa nyama nikwambie kabisa: nyumbani kwetu tunakula maharage. Mume wangu ana bunduki ya marehemu baba yake, ana kibali, ana buti, ana kofia yenye majani ya plastiki. Ana kila kitu isipokuwa mnyama. Kila msimu anarudi mikono mitupu, na kila msimu ana la kusema. Mara upepo. Mara risasi zimekaa sana dukani. Msimu uliopita alisema swala alimwona, akamdharau, akaendelea kula majani.

Mimi nilicheka. Ofisi ya vibali haikucheka. Walimwita wakamwambia wazi kwamba mtu mwenye silaha asiye na shabaha ni hatari kwa majirani. Jumamosi afike uwanjani, apige risasi tatu, ubao ukiwa mita mia mbili. Ikigusa ubao hata moja, kibali kinaendelea. Zikikosa zote, bunduki inabaki kwenye ghala la serikali na hairudi tena.

Aliponieleza hayo alikuwa ameilaza ile bunduki mapajani, anapangusa mtutu kwa fulana niliyotoka kuipiga pasi, na mimi, kwa mdomo wangu huu, sikumgombeza. Shamba la baba yake liliuzwa kwa matibabu, nyumba ikafuata. Kilichobaki mkononi mwa mume wangu kutoka kwa baba yake ni ile bunduki tu. Nilijua wakiichukua, nitabaki naishi na koti lake tu, mwenyewe hayumo.

Basi akaamua tatizo ni darubini ya kufunga juu ya bunduki, kwamba hana.

"Baba alipiga bila darubini kwa sababu wanyama wa zamani walikuwa karibu," akasema. "Wa siku hizi wanakaa mbali. Wamesoma."

Nikamwambia sawa, tukanunue, lakini iwe ya bei ya watu kama sisi, maana ada ya shule haijui habari za swala.

Usidhani tulienda wawili. Kwao hakinunuliwi kitu cha bunduki bila kikao. Alikuja mjomba wake, ndugu wa mama mkwe, ambaye ni jaji wa kila asichokijua. Wakaja mashemeji zangu wawili. Na mama mkwe naye akaja na mkoba wake, akakaa kwenye kiti cha wateja karibu na mlango.

Lilikuwa duka jembamba la vitu vya mawindo na uvuvi, ndoano ukutani, vizibao vimetundikwa darini, harufu ya mafuta ya kusafishia mitutu imejaa mpaka kwenye meno. Muuzaji, kijana mpole mwenye miwani, akatandika kitambaa mezani akazipanga darubini. Alikuwa na kitako cha bunduki kilichochongwa kwa mti mtupu, cha kujaribia. Unafunga darubini juu yake, unasimama mlangoni, unalenga kibao cha kinyozi kule mwisho wa mtaa.

"Hii ni nafuu," akasema. "Inakuza mara tisa, haiingii ukungu, na mshindo hauiyumbishi. Ile pale ni ghali mara nne, na tofauti utaiona jioni tu, mwanga ukipungua. Kama unawinda mchana, usijitese."

Maneno ya mtu mwenye akili. Nikadhani tumemaliza. Loo!

Mjomba akaipima kwa kiganja. "Nyepesi," akasema. "Kitu kizuri lazima kichoshe mkono." Shemeji wa kwanza akainusa. Wa pili akaitikisa sikioni, akasema humo ndani kuna kitu kinagonga, muuzaji akamwonyesha kwamba ni saa yake ya mkononi.

Kisha mume wangu akakiweka kile kitako begani, bega la kulia, akafanya kama wanavyofanya wanaume wote wa ukoo ule. Akalaza kichwa juu ya kitako, akakipitiliza mpaka shavu likaangukia ng'ambo ya pili, akafunga jicho la kulia, akalenga kwa la kushoto. Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza, ningali bi harusi, nilidhani ana jipu. Kumbe ndiyo mtindo. Marehemu alilenga hivyo, akawafundisha wanawe hivyo, na shemeji yake, yaani Mjomba, akaiga hivyo. Nyumba nzima ina shingo za upande, na dawa ya kuchua tunanunua ile chupa kubwa.

"Unaona nini?" muuzaji akauliza.

"Giza. Upande mmoja giza tupu, mwezi umepatwa."

Akafungiwa ya pili. Giza. Ya tatu, giza. Ile ya ghali akakopeshwa kwa heshima, nayo ikawa giza la ghali. Mashemeji wakajaribu, shingo zikapinda, wakathibitisha. Mjomba akatangaza kwamba duka zima limeingiliwa na unyevu.

Yule kijana akavua miwani akaifuta. "Samahani, kaka. Darubini inataka jicho liwe sawasawa nyuma yake. Kwa nini usitumie la kulia? Si liko hapo hapo?"

Mashemeji wakamgeukia Mjomba.

"Kijana," Mjomba akasema taratibu, "huyu ni mtoto wa mtu aliyekuwa anaangusha mnyama huku anapiga soga. Sisi hatulengi kwa jicho la kulia. La kulia ni la kusomea magazeti."

"Basi ahamishie bega la kushoto."

"Bega la kushoto ni la kubebea kuni!"

Na mume wangu, ambaye nyumbani haongezi sauti hata kwa paka, akageuka amevimba. "Baba alipiga hivi, na hakukosa hata siku moja. Anayetaka kunifundisha ampite baba kwanza."

Hapo ndipo mama mkwe aliposimama. "Nunueni tuondoke!" akafoka. "Mtu amekuja kununua kitu, anaulizwa habari za macho! Ndiyo biashara gani hii?"

Nikashangaa. Mama yule anamshukuru hata mbuzi akimpisha njia. Sikuwahi kumsikia akimkaripia mtu wa dukani.

"Mchagua jembe si mkulima," muuzaji akanong'ona, amekata tamaa. Tukachukua ile nafuu. Usiniulize iliwashinda wenzake kwa nini: Mjomba alisema giza lake ni dogo.

Nyumbani nikajitahidi kwa upande wangu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nikashona kijimto cha shavu, nikajaza pamba, nikakifunga kwenye kitako cha bunduki ili walau shingo ipumzike. Kisha nikambembeleza uani. "Baba watoto, hebu jaribu mara moja tu. Funga la kushoto. Hakuna anayekuona."

"Unataka nimtukane marehemu?"

"Marehemu hatachukuliwa bunduki Jumamosi! Wewe ndiye utakayechukuliwa!"

Akaingia ndani akaniachia kijimto mkononi. Hasira zilinipanda, nikamfuata mama mkwe jikoni. Nikamwambia, "Mama, mwambie wewe. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Akishika desturi ya baba yake, ataikosa bunduki ya baba yake. Huoni?"

Akakoroga sufuria muda mrefu. "Naona, mwanangu," akasema. "Lakini kuna maneno ya mtu na mume wake. Hebu nipe chumvi."

Chumvi alikuwa ameishika mkononi.

Jumamosi tukaenda uwanjani ukoo mzima, tukakaa kwenye benchi nyuma ya uzio wa waya. Afisa alikuwa mtu mnene mwenye filimbi shingoni na bendera nyekundu, naye ana darubini yake ya kuangalilia ubao. Akasoma masharti. Mume wangu akalala kifudifudi kwenye mkeka, darubini mpya inang'aa, kijimto changu kimefungwa. Akapitiliza kichwa. Afisa akainama kumtazama, akainuka, akanitazama mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Ya kwanza ikalia.

"Udongo," afisa akasema.

"Upepo," Mjomba akasema. Hapakuwa na upepo wa kupeperusha hata uzi.

Ya pili ikalia. Kule mbali mlingoti wa bendera ukayumba, ukafikiri, ukalala chini polepole. Afisa akaandika kitu, akakifuta, akaandika tena. Mume wangu alipoinua uso nikaona damu. Kwa vile kichwa kilikuwa kimekaa vibaya, darubini ilikuwa imerudi na mshindo ikamchana nyusi.

Ikabaki moja. Akamwomba afisa apumzike kidogo, akaruhusiwa. Sasa nikamwona anafanya kitu kilichonikata maini: akaipapasa ile bunduki kuanzia mwisho wa kitako mpaka mdomo wa mtutu, polepole, unavyompapasa mgonjwa unayejua hutamkuta kesho. Nikaanza kulia palepale, na kutukana pia, yote kwa pamoja. Yeye akapanga risasi ya mwisho. Akakilaza tena kichwa ng'ambo ileile, ya baba yake.

"Mwanangu!" Mama mkwe alikuwa amesimama, vidole vimeng'ang'ania waya. "Inua kichwa! Baba yako alikuwa chongo!"

Benchi zima likageuka kumtazama.

"Jicho lake la kulia lilikuwa la kioo," akasema. "Kipande cha chuma kilimruka karakanani, kabla hajanioa. Hakuwa analenga vile kwa ustadi, mwanangu. Alikuwa hana lingine!"

"Dada!" Mjomba akamshika mkono. "Unasema nini mbele za watu?"

"Nasema nilichoapa sitasema. Niache."

Utaniuliza, watu wazima wote wale hawakuona? Nani angeona? Katika nyumba ile mtoto hakumkazia baba macho, na mzee kofia haikumtoka hata mezani. Mimi mwenyewe nilimpakulia chakula miaka na miaka, macho yangu yakiwa kwenye sahani. Wanasema ukipenda, chongo utaita kengeza. Mama mkwe hata kengeza hakuita. Aliita shabaha, akaacha ukoo mzima upinde shingo, ili mtu mmoja asionekane ana upungufu.

Afisa akakohoa. "Bibi, jaribio haliruhusu ushauri kutoka nje ya uzio." Akavua kofia, akajikuna, akatazama kule mlingoti ulikokuwa. "Ila mimi sikusikia vizuri. Filimbi zimeniharibu masikio. Endelea, bwana."

Mume wangu alikuwa hajasogea. Kisha, kwa woga, kama anayefungua mlango wa chumba cha wazazi, akakirudisha kichwa upande huu wa kitako. Akafunga jicho la kushoto.

"Naona," akasema. "Jamani, naona ubao wote. Kumbe una duara jekundu."

Ikalia.

Afisa akainamia darubini yake, akakaa huko, akainuka. "Umegusa. Tena ndani ya duara. Kibali chako kinaendelea, na bendera utalipa."

Nilipiga kigelegele, kikanifia mdomoni, kwa sababu hakuna aliyekipokea. Mashemeji zangu walikuwa wamesimama mbele ya uzio wanafunga jicho hili, wanafungua lile, wanatazama vidole vyao. Mjomba akajikalisha kwenye benchi. "Mimi nitaendelea na la kushoto," akasema, bila kuulizwa. "Shingo imeshazoea."

Mume wangu hakuinuka kwenye mkeka. Alikuwa ameshinda, bunduki ni yake, na amelala nayo uso chini. Afisa akafungua kijigeti, mama mkwe akapita, akaenda akaketi chini kando yake na magoti yake mabovu. Nikamfuata. Akatoa kitambaa kwenye mkoba akaanza kumfuta damu ya nyusi.

"Mama," mume wangu akasema, "nilipokuwa mdogo nilikuwa naiba sukari. Baba akiwa amekaa palepale mezani. Napita upande wake wa kulia, nachota mkono mzima, naondoka. Haniambii kitu. Miaka yote hii nimekuwa nikisema, baba yangu alikuwa mkali kwa watu wote, ila mimi aliniona akaniachia. Mimi peke yangu."

Mama akakikunja kitambaa akatafuta pembe safi.

"Hakukuona, mwanangu. Sukari ikiisha alinigombeza mimi."

"Sasa mbona hukumwambia ni mimi?"

"Ningemwambia vipi?" akasema mama mkwe. "Angejua kwamba mtoto wake ameshagundua upande asiouona."